Nimesoma vitabu vya mafanikio, sasa mama yangu hanisemeshi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Chuno hapa Mtwara Mjini. Nimeajiriwa kwenye ghala la korosho kama karani wa mapokezi. Lori la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, likiingia, mimi ndiye ninayeandika uzito, idadi ya magunia, daraja na unyevu waliopima wenzangu, kisha karatasi zinakwenda kwa wakubwa ili stakabadhi, ile hati ya mzigo uliopokelewa ghalani, itoke. Kuanzia Oktoba mpaka Januari hatulali. Baada ya hapo vibarua wanaondoka, sisi wachache wenye mkataba tunabaki kufagia na kungoja msimu mwingine. Mshahara wangu ni laki nne kwa mwezi.

Miaka miwili iliyopita rafiki yangu aliniingiza kwenye kundi la watu wanaotumiana vitabu vya kujiendeleza kwa simu. Nikavipenda sana, Shangazi. Nimesoma cha tabia saba, nimesoma cha kupata marafiki, cha tabia ndogondogo, cha tajiri wa Babeli. Simu yangu sasa ina vitabu zaidi ya arobaini. Nikisoma usiku najiona mtu mpya. Naandika malengo kwenye daftari, naweka kengele niamke saa kumi alfajiri. Ikifika siku ya tatu au ya nne mtoto anapata homa, au zamu inabadilika, kila kitu kinaanguka. Najichukia, halafu nafungua kitabu kingine.

Kazini mambo si mazuri. Mwaka jana tuliletewa msimamizi ambaye ni kijana mdogo kwangu. Anajua kompyuta, ghala halijui. Siku moja alikosea kupanga foleni ya malori, nikamwambia mbele ya wenzangu kwamba hana maono ya uongozi. Nilidhani najiamini, kama vitabu vinavyosema. Tangu siku hiyo ananipanga zamu za usiku, na tukikutana ananisalimia kwa shida.

Linaloniuma zaidi ni la nyumbani. Mama yangu yuko Newala. Likizo hii ya Juni mtoto wa dada yangu anatolewa mwali, anamaliza unyago wake. Mama alinipigia kuniomba mchango wa laki moja na nusu pamoja na doti mbili za khanga. Mimi nimesoma kwamba ujilipe wewe kwanza kabla hujamlipa mwingine. Nikamjibu kwamba mwaka huu nina malengo yangu, sichangii shughuli yoyote, na kwamba ukoo wetu hauendelei kwa sababu pesa zote za korosho zinaishia kwenye ngoma. Mama hakujibu kitu, akakata simu. Mpaka leo hanisemeshi, salamu zake napelekewa na mdogo wangu. Mume wangu ni fundi pikipiki, mtu mpole, lakini juzi aliniambia, "Hivyo vitabu vimekufundisha kutudharau." Nililia.

Naomba unishauri. Niache kusoma? Au nimechagua vitabu vibaya? Ni kitabu gani kinaweza kunisaidia kazini na nyumbani kwa pamoja? Na kuna semina ya mafanikio Dar es Salaam mwezi ujao, kiingilio laki moja na themanini pamoja na kitabu cha mtoa mada. Pesa nimeshaitenga. Niende?

Mama wa Wawili, Chuno, Mtwara

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Usiache kusoma. Hilo nalisema mapema ili usiendelee kulibeba. Mwanamke anayetoka zamu ya ghala, akalaza watoto, akafungua kitabu, ana kiu ambayo mimi siwezi kuiita kosa. Vitabu ulivyovitaja si vibaya pia. Shida ninayoiona ni kwamba umevisoma kwa haraka, na kile unachokipata humo unakitumia kuwapima wengine kabla hujajipima mwenyewe.

Nianze na mama yako, maana hilo halingoji.

Kitabu cha tajiri wa Babeli nakifahamu. Mwandishi wake, George Clason, alikuwa Mmarekani. Alianza kuzitoa zile hadithi mwaka 1926 kama vijitabu vidogo, na mabenki na kampuni za bima za huko zikawa zinawagawia wateja ili wajifunze kuweka akiba. Fundisho lililoshika kila mtu ni la sehemu ya kumi: katika kila kumi unazopata, moja ibaki kwako kabla hujamlipa mtu mwingine. Wasomaji wengi wanaishia hapo, wanafunga kitabu, wanakwenda kuwaambia ndugu zao kwamba hawana pesa. Wewe, nahisi, ulifanya hivyohivyo.

Ungefika mbele zaidi ungekutana na Dabasir, mfanyabiashara wa ngamia. Huyu alikimbia madeni yake, akauzwa utumwani, akaponyoka, akarudi Babeli kuwatazama usoni watu waliokuwa wanamdai. Mpango wake aliuandika kwenye vigae vya udongo. Katika kila kumi, moja akiba. Saba za nyumba, chakula na mavazi yake na ya mke wake. Mbili zilizobaki aliwagawia wanaomdai, kila mwezi, kwa haki, mpaka madeni yote yakaisha. Alikwenda kwa mmoja mmoja kuwaeleza. Wengine walimtukana, akavumilia.

Sasa nikuulize. Wewe ulipotolewa mwali, nani alichanga? Ulipoolewa, zile sahani, vitenge na mchele vilitoka wapi? Huku kwetu kusini kila mama ana daftari, na asiye na daftari ana kichwa kinachokumbuka kuliko daftari: fulani alileta debe la mchele, fulani doti moja, fulani elfu kumi. Mama yako alichukua vya watu kwa ajili yako. Leo mtoto wa dada yako anatolewa, wewe ni mama yake mdogo, na watu wale wale watakaa kwenye mkeka wakiangalia. Kwa hesabu ya kitabu chako mwenyewe, mchango ule hauko kwenye fungu la starehe. Uko kwenye zile mbili za madeni.

Sisemi kila shughuli ichangiwe kwa kiasi chochote kitakachotajwa. Zipo sherehe huku kwetu zinazokula korosho ya mwaka mzima kwa siku mbili, muziki wa kukodi, sare mara tatu, na baada yake watoto wanarudi shule bila daftari. Ukitaka kulisema hilo lina mahali pake: kikao cha familia, kabla ya shughuli, kwa heshima, na ukiwa mmoja wa waliotoa. Aliyekataa kutoa hata senti hasikilizwi, na ni sawa asisikilizwe. Na kwa siku za mbele, hesabu ya Dabasir inakupa mpaka ulio wazi. Mshahara wa laki nne, sehemu mbili za kumi ni elfu themanini kwa mwezi. Michango yote, upatu na mikopo iingie humo. Akija mwombaji mwingine baada ya hapo, una jibu la kweli la kumpa, tena bila kumtukania ukoo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya fedha vya namna hii mara nyingi havilioni. Vinamfikiria mtu anayelipwa kila wiki au kila mwezi. Mama yako hana mwisho wa mwezi. Pesa yake inakuja baada ya mnada, ikiwa bei imekuwa nzuri na mikorosho imezaa. Mwezi wa Juni mkulima wa Newala anatoa tu, maana huo ndio wakati wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, kibarua anataka chake na bomba linataka mafuta. Kwa hiyo anamgeukia mtoto mwenye mshahara. Hakukuomba kwa sababu hana mpango wa maisha. Wewe ndiwe sehemu ya mpango wake, na amekulea kwa miaka mingi ili uwe hivyo.

Na pesa ulikuwa nayo, mwanangu. Umeniandikia mwenyewe kwamba laki moja na themanini ya semina umeshaitenga. Kwa hiyo neno "nina malengo yangu, sichangii" halikuwa sawa, na mama anakujua vizuri, huenda alilisikia hilo kwenye sauti yako.

Panda gari uende Newala. Usitume pesa kwa simu halafu ukangoja akusemeshe, pesa ya simu haiombi radhi. Nenda na zile doti mbili mkononi. Dale Carnegie, yule wa kitabu cha kupata marafiki, ana kanuni moja inayokufaa sana hapa: ukiwa umekosea, kiri upesi na kwa mkazo. Mwambie mama, "Nilikukosea adabu, nisamehe." Basi. Ukiongeza neno "lakini" utakuwa umeanza ugomvi upya. Usitaje kitabu. Ukiona amekaa kimya, mwache akae kimya, ingia jikoni umsaidie kazi. Na yale maneno kuhusu ukoo na ngoma, dada yako naye atakuwa ameshayasikia, kwa hiyo kamtafute na yeye, yeye ndiye mwenye mwali.

Nije kazini, na hapa Carnegie anaendelea kutufaa. Watu wengi hawajui kitabu kile kilitokea wapi. Kuanzia mwaka 1912 alikuwa akifundisha watu wazima darasa la jioni huko New York, wafanyakazi na wafanyabiashara, namna ya kuzungumza mbele za watu. Akawa anawapa jambo moja wakalijaribu kazini na nyumbani, kisha warudi darasani waeleze limekwendaje. Miaka ikapita hivyo, na kitabu kikatoka mwaka 1936. Ndiyo maana nasema umekisoma nusu: umesoma maneno, hujafanya lile darasa. Kanuni yake ya kwanza kabisa inakataza kukosoa na kulaumu watu, na wewe ulianza kwa kumkosoa kijana wa watu mbele ya makuli na makarani wenzako.

Mtafute mkiwa wawili, umwambie kwamba siku ile ulimvunjia heshima. Kisha wale waliosikia matusi wasikie na radhi, hata kwa sentensi moja wakati wa kubadilishana zamu. Baada ya hapo mwombe akufundishe kompyuta. Usiombe kwa hila. Carnegie mwenyewe anasisitiza kwamba sifa ya uongo inajulikana na inadhuru. Omba kwa sababu kweli hujui, na yeye kweli anajua. Nawe una vya kumpa. Ukichoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye gunia unajua mara moja kama zimelowa au zimechanganywa na za msimu uliopita. Unajua AMCOS ipi huleta mzigo safi na ipi huleta mawe. Kijana aliyetoka chuoni hayajui hayo, na hawezi kukuuliza maana ulishamwaibisha.

Hapa sasa nataka nikae kidogo, maana naona ndipo penye riziki yako.

Stephen Covey, wa zile tabia saba, kitabu cha mwaka 1989, ametenga mambo ya haraka na mambo ya maana. Anasema watu wengi wanaliwa na yaliyo ya haraka, na yale ya maana yasiyo na haraka yanasubiri mpaka maisha yanakwisha. Wasomaji wa mjini wanalichukua somo hili kwa saa za siku: asubuhi hivi, mchana vile. Wewe una kalenda ya korosho. Kuanzia Oktoba mpaka Januari kila lori ni la haraka, na usijilaumu kwa kushindwa kujiendeleza wakati huo. Fanya kazi, lala, nyonyesha kama una wa kunyonyesha, mengine yasubiri. Lakini kuanzia Februari mpaka Septemba unaniambia mnafagia na kungoja. Hiyo ni miezi minane, mwanangu! Yote ni ya mambo ya maana yasiyo na haraka, na unalipwa mshahara humo.

Ningekuwa kwenye nafasi yako ningejifunza mambo mawili tu. La kwanza, kuingiza hesabu za mapokezi kwenye kompyuta, ili msimu ukianza usiwe mtu wa daftari peke yake. La pili, mfumo wenyewe wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kuweka korosho ghalani na kupewa hati mpaka iuzwe mnadani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza kutumika mwaka 2007, lakini mpaka leo wapo wakulima na hata viongozi wa AMCOS wanaogombana na ghala kwa sababu hawaelewi kwa nini uzito wa kijijini na uzito wa ghalani umetofautiana, au unyaufu, uzito unaopungua mzigo ukikauka, umehesabiwaje. Karani anayeweza kumkalisha katibu wa AMCOS, akamfungulia vitabu na kumwonyesha kila kilo ilikokwenda, huyo hapunguzwi msimu ukiisha. Omba ruhusa upitie majalada ya misimu iliyopita. Andika maswali. Yule kijana atakusaidia, mkishapatana.

Kuhusu malengo yanayoanguka siku ya nne, sababu yake ni nyepesi kuliko unavyodhani. Unaanza na makubwa. Kuamka saa kumi alfajiri wakati zamu yako inaisha kumi na mbili asubuhi haiwezekani, na anayekwambia inawezekana hajawahi kukesha kwenye vumbi la ghala. James Clear, wa kile cha tabia ndogondogo cha mwaka 2018, anasema tabia mpya iwe ndogo hata dakika mbili zitoshe kuianza, na ifungwe kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Ukishamaliza kuandaa sare za watoto, keti ufungue kompyuta au daftari kwa muda huo mfupi. Siku mtoto akiwa na homa, acha. Clear anasema ukikosa mara moja usikose mara ya pili mfululizo, na huo ndio msimamo pekee ninaokuomba uushike.

Umeniuliza kitabu kimoja cha kazini na nyumbani. Kwa mwaka huu ningekushauri Carnegie, kwa sababu matatizo yako yote mawili, la mama na la msimamizi, yalitoka mdomoni. Kisome polepole, kanuni moja kwa wiki, na fanya kama lile darasa la New York: uwe na mtu wa kumweleza limekwendaje. Mtu huyo awe mume wako. Kila Ijumaa jioni akishanawa grisi, mwambie wiki hii nilijaribu hili, na kwako umeliona? Akisema hakuliona, mwamini. Na maneno kama "maono" na "watu hasi" yasiingie tena nyumbani kwako. Kwa kuwa yeye ndiye aliyesema mnadharauliwa, yeye ndiye atakayejua siku dharau ilipoondoka.

Vile arobaini vya kwenye simu viache vilale. Pita maktaba ya mkoa, utafute kitabu cha karatasi kisichokuletea ujumbe katikati ya ukurasa. Ukiwa huko uliza pia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Alikuwa karani wa serikali, alijua adha ya ofisi, na humo mna utenzi wa Hati aliomwandikia binti yake, nasaha za namna ya kuishi na watu. Usome kwa sauti mbele ya mdogo wako na watoto wako. Si kila shauri la mwaka ule utalikubali, mimi mwenyewe yapo ninayobishana nayo, lakini utasikia mtu akimshauri anayempenda, bila kumdharau.

Semina usiende. Pesa ile imeshapata kazi: laki na nusu ya mwali, na elfu thelathini ya nauli ya Newala na chenji, khanga utaongezea kwenye mshahara. Mwakani ukiwa bado unaitamani, uliza kwanza mtoa mada alifanya kazi gani kabla ya kuanza kuuza vitabu na semina, na kama yupo mtu unayemfahamu, hapo Mtwara, aliyehudhuria na akaweza kukuonyesha alichofanya baadaye. Ukikosa wa kukuonyesha, ongeza pesa hiyo kwenye mafunzo ya kompyuta.